Risasi Tuliyoiita Ukoko

Jumamosi, 14 Oktoba 2017. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya kufunga vifungo vyote, na upepo wa bondeni unatikisa dirisha letu hapa ghorofani kama mtu aliyesahau funguo zake ndani.

Nimestaafu, hii ni wiki ya tatu, na bado mikono inaamka kabla yangu. Juzi Patrick alinipigia simu kutoka karakana. Patrick na Devi ndio wanaoshika mashine sasa pale Agincourt, huku huku Kanada, vijana wazuri wote wawili, ingawa Devi hukaza jiliwa kama anamnyonga mtu.

"Mzee," Patrick akasema, "Mama Njeri ameleta bunduki yake, anataka maganda mapya. Rima ya Ukoko iko wapi? Na mlikuwa mnatumia unga gani?"

Nikamwambia rima, kile kisu chetu cha kuchongea, iko ndani ya soksi ya sufu, droo ya chini kabisa. Ya unga nikamwambia, "Hiyo ngoja. Nikiisema kwa simu utadhani uzee umenipanda kichwani. Nitaiandika."

Sasa nimekaa mezani na sijui nianzie wapi. Shule yangu ni darasa la saba, Kigoma, na mwalimu wa Kiswahili alikuwa anaandika chini ya insha zangu neno moja tu: "Mbona?" Basi mkifika mahali pa kuuliza mbona, ulizeni. Nitajaribu kumpa kila mtu haki yake, na mimi mwenyewe nisijipe zaidi ya yangu.

Niliingia kwa Mzee Amirali majira ya baridi ya 2002, nimekwenda kuchongesha ufunguo. Wakati ule nilikuwa nafanya kazi ya kupakia maboksi, na sikuwa nimegusa mashine ya kukereza tangu nilipoacha karakana ya bandari kwetu, ambako nilikuwa nakereza shafti za boti. Duka lilikuwa dogo: kufuli, cherehani, baiskeli, na nyuma, nyuma ya mlango wa chuma, bunduki za wawindaji na za walenga shabaha. Hapakuwa na mtu mbele. Kutoka nyuma nikasikia mashine ikilia vibaya, na sauti ya mtu mzima ikiitukana kwa Kiswahili.

"Mwanaharamu wewe! Jana ulikuwa mzima!"

Nilisimama pale na theluji viatuni. Nikasema, kwa sauti ya kuomba radhi, "Mzee, mkanda umelegea. Unasikika."

Akachungulia. Mhindi mrefu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, mikono ya shati imekunjwa hadi mabegani. "Nani kasema mkanda?"

"Mimi."

"Unajua kukereza?"

"Kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Shafti za boti."

Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Basi vua koti."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Ufunguo nilikuja kuuchonga mwenyewe baadaye.

Mzee Amirali alizaliwa Mwanza, na baba yake alikuwa na duka la kutengeneza baiskeli na bunduki huko huko. Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza kabisa, na alipokasirika kiliingia na Kisukuma. Siku ya Ijumaa alifunga mapema kwenda kusali jamatkhana, na siku nyingine hakuna aliyejua atafunga saa ngapi. Alinifundisha mambo mengi, lakini ninalotaka mlishike ni sheria moja ya pale karakana. Sijaikuta mahali pengine. Ukataji wowote usioweza kurudishwa unafanywa baada ya chakula cha mchana. Kupunguza mtutu, kutoboa tundu la skrubu, kuchonga chemba, vyote hivyo tumbo likiwa limejaa.

"Mwenye njaa anakata ili amalize," alikuwa anasema. "Aliyeshiba anakata ili ikae vizuri." Na habari mbaya kwa mteja nazo ziliingia katika sheria hiyo. Mteja hapewi habari mbaya kabla hajala. Nimeona mwindaji mmoja mkubwa kama mlango akilishwa sambusa mbili ndipo anaambiwa bunduki ya babu yake imepasuka.

Nyumbani kazi hii haikupokelewa vizuri. Mama Neema, mke wangu, ni mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa letu. Alikimbia na wadogo zake kabla sijamjua, na aliowakimbia walikuwa na bunduki. Nilipomwambia nimepata kazi kwa fundi bunduki aliweka mwiko chini. "Tumevuka bahari nzima kuzikimbia," akasema, "wewe umekwenda kuzitafuta?" Alikuwa na haki ya kusema hivyo na sikubishana naye. Niliahidi hakuna hata kipande cha bunduki kitakachoingia katika nyumba yake, na nilitimiza. Hatukuwaza kwamba kitu kinaweza kutoka kwenye nyumba yake kwenda kwenye bunduki.

Sasa nifike 2009, kwenye Ukoko.

Mama Njeri ni Mkenya, mtu wa Nakuru, muuguzi, anakaa Pickering. Mume wake, Gordon, alikuwa mzungu wa mashambani huku. Majira ya baridi ya kwanza mama huyu alipofika hapa, hana rafiki, hana wa kuongea naye, Gordon alimpeleka kwenye klabu ya shabaha nje ya Pickering akamfundisha kulenga karatasi. Wala hawakuwinda. Waligonga karatasi na kunywa chai ya chupa ndani ya gari. Gordon alipofariki, bunduki ilikaa ghala la chini ya nyumba, na ghala lile lilikuwa na unyevu.

Alipotuletea aliiweka juu ya meza kama anamlaza mtoto. Mzee akamulika ndani ya mtutu. Akatoa sambusa.

"Sasa nimeogopa," Mama Njeri akasema. "Wamesema huyu mzee akikupa sambusa kuna maneno."

Maneno yalikuwa mawili. La kwanza, risasi za bunduki ile zilikuwa za aina ya zamani na kiwanda kiliacha kuzitengeneza. La pili, kutu ilikuwa imekula chemba, yaani kile chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi inakaa. Sehemu nyingine yote ya mtutu ilikuwa safi, inang'aa kama kijiko. Fundi wa pale klabu alikuwa ameshamwambia aweke mtutu mpya, na kusema haki, ushauri ule ulikuwa wa busara. Mimi pia ningempa huo huo.

"Mtutu aliusugua Gordon mwenyewe, kila Jumapili," akasema. "Nikiweka mwingine, hiyo ni bunduki ingine. Klabu wanafanya siku yao ya kulenga kabla theluji ianguke, na mwaka huu wanamkumbuka yeye. Mimi nataka kupiga na hii. Hata mara moja."

Mzee alizunguka meza akiwa na kipande cha sambusa mkononi. Kisha akasema, "Tutabuni risasi yetu."

Kwa nyinyi ambao mmezoea kununua kila kitu kwenye katalogi, nieleze. Wenyeji huku wanaziita risasi za paka-mwitu, kwa sababu hakuna kiwanda kilichozifuga. Unachukua ganda la kawaida, lile linalookotwa bure uwanjani wenzako wakishamaliza kupiga, unalikaza shingo lilingane na mtutu wako, unayasogeza mabega yake mbele na kuyapanua. Halafu unachonga chemba ifuate ganda hilo jipya. Chemba mpya ikiwa pana kuliko ile ya zamani, ile kutu yote inaondoka na uchafu wa kukereza. Ni hesabu nzuri. Ubaya wake ni mmoja: chuma ukishakitoa hakirudi. Ukikosea, mtutu wa Gordon unakuwa bomba la maji.

Kisu cha kuchongea chemba ndiyo hiyo rima. Ni cha mviringo, kina meno ubavuni, na umbo lake ndilo litakalokuwa umbo la chemba. Watu huagiza kwa mabingwa, wakasubiri miezi na kulipa sana. Mama Njeri hakuwa na fedha hizo wala miezi hiyo. Mzee akachora umbo nyuma ya boksi la nafaka za kifungua kinywa, akanipa.

"Mimi?" nikasema.

"Aliyekereza shafti za boti ni nani, mimi?"

"Mzee, boti hata ikiyumba kidogo inafika."

"Basi hii usiyumbe."

Niliichonga kwa mapande ya chuma kigumu tuliyokuwa nayo. Nilivunja la kwanza. La pili nililiharibu meno. La tatu nikalikereza, nikalichonga meno kwa tupa ndogo mpaka macho yakawa yananidanganya, nikalichoma likawa jekundu, nikalizima kwenye mafuta, na ili kulilegeza ugumu kidogo tukalitia kwenye oveni ndogo ya kupashia chakula. Wiki nzima sambusa zetu zilinuka mafuta ya mashine. Mpini wake ni kipande cha fimbo ya hoki tuliyoiokota nyuma ya duka. Msiutupe mpini huo, unashika vizuri mkono ukiwa na mafuta.

Siku ya kuchonga tulikula wali na kuku wa Mzee hadi nikaomba radhi. Ndipo tukaanza. Mzee aliizungusha rima kwa mkono, taratibu, mimi natia mafuta na kufuta vumbi la chuma. Mama Njeri alikaa nje ndani ya gari lake. Alisema hawezi kutazama operesheni ambayo hajavaa glavu mwenyewe. Tulipomaliza, mtutu ulionekana mzuri. Lakini mzuri wa kuonekana si kitu. Ndani humo ni giza na sehemu ndogo ndogo za milimita. Madini laini ya kumiminia, yale yanayotoa sura ya chemba ukaiona kwa macho, yalikuwa yametuishia, na Mzee hakutaka kuagiza kopo zima kwa kazi moja. Alisema maganda yenyewe yatatuambia.

Na hapa ndipo unga unapoingia, Patrick.

Ganda likiwa bado na umbo la kiwandani haliijazi chemba mpya. Linapigwa moto mara ya kwanza bila kichwa cha risasi: baruti, juu yake unga, na kizibo cha nta mdomoni. Unga ndio unaosukuma mabega yatanuke yakamate sura ya chemba. Vipimo vya baruti siandiki hapa wala popote. Ile ilikuwa kazi ya Mzee na leseni yake, na kabati lake lilikuwa na kufuli nililolitengeneza mimi na funguo nisizokuwa nazo.

Wenyeji wanatumia unga wa mahindi wa dukani. Duka la jirani lilikuwa nao, wa manjano, chenga chenga kama mchanga. Nikaununua nikamwonyesha Mzee. Akaumimina kiganjani, akaunusa.

"Huu ni unga?"

"Ndivyo imeandikwa."

"Huu ni chakula cha kuku. Wa manjano! Fundi, tunataka unga wa watu. Leta wa kwako nyumbani."

Na mimi, niseme kweli, nilikubaliana naye kabisa. Tangu tufike Kanada hakuna aliyekuwa ameniaminisha kwamba ule ni chakula. Asubuhi yake nikamwambia Mama Neema nachukua unga kidogo wa kazini. Hakuuliza wa nini. Alidhani ni wa ugali wa mchana. Nikachota kwenye mkebe wake wa biskuti, nikapanda basi la Don Mills na unga mapajani, mweupe, laini, wa kupendeza.

Tukaenda uwanjani, kule klabu. Mzee akapiga ganda la kwanza hewani kama taratibu zinavyotaka. Akalitoa. Tukainamisha vichwa vyote viwili.

Mabega ya ganda lile yalikuwa yameteremka kama ya mtoto aliyeambiwa aoge. Upande mmoja umejaa, upande wa pili umelala. Akapiga la pili, hivyo hivyo. La tatu lilikuwa baya zaidi. Hapo Mzee akasema, "Inatosha," akafunga kila kitu. Hakuongeza baruti kwa ubishi, na hilo mlikumbuke, maana wapo ambao wangeongeza.

Tulirudi Agincourt. Tulipofika, ugomvi ukaanza, na ulikuwa ugomvi wa ajabu.

"Ni rima yangu," nikasema. "Meno ya upande mmoja nimeyala kwa tupa."

"Rima yako nimeipima. Ni mkono wangu. Mkono wa kulia unatetemeka siku hizi, nimeipindisha."

"Hujaipindisha, mzee, nilikuwa natazama."

"Wewe ulikuwa unatazama mafuta!"

"Mzee, nakwambia ni yangu."

"Fundi, usininyang'anye kosa langu!"

Niliipima rima tena na tena. Kipimo kilisema sawa. Lakini kipimo kilisomwa na macho yangu, na mimi macho yangu sikuyaamini siku ile. Nikamwona Gordon, mtu ambaye sikumjua, akisugua mtutu ule Jumapili baada ya Jumapili ili mimi wa darasa la saba nije niuharibu. Sikulala vizuri. Mama Neema aliniuliza nina nini, nikasema mgongo.

Kesho yake Mzee akampigia Mama Njeri aje. Kisha, kwa sheria yake, akawasha jiko la umeme la karakana. Sambusa zilikuwa hazipo. Kulikuwa na mchuzi wa jana wa mbuzi na kulikuwa na ule unga wangu uliobaki. Akasonga ugali yeye mwenyewe, kwa nguvu, jasho linamtoka. Nadhani alikuwa anausongea uchungu wake.

Mama Njeri akaingia, akaona sahani. "Ai! Ugali nzima nzima? Hiyo habari ni mbaya aje?"

"Kula kwanza, mama," Mzee akasema.

"Gordon akifa walinipatia chai tu."

Akakaa. Akanawa. Akamega tonge, akaliviringa, akachovya, akatia mdomoni. Tukamtazama. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Akashika ule ugali uliobaki sahanini akauvuta, nao ukavutika.

"Mzee," akasema, "hii mmenipikia ni nini?"

"Ugali."

"Hapana. Mimi nimelelewa na ugali. Hii ni gundi. Angalia inavyonata! Mnataka nifunge mdomo nisiulize maswali?"

"Ni unga wa Baba Neema," Mzee akasema, akiniangalia kwa lawama. Akamega tonge lake. Alikuwa hajaonja. Akatafuna mara mbili, akaacha kutafuna, na macho nyuma ya ile miwani yakawa makubwa.

"Udaga," akasema.

"Nini?" Mama Njeri akauliza.

"Udaga! Muhogo uliovundikwa! Fundi, huu unga una muhogo ndani. Nimeula kwa majirani zetu Mwanza utoto wangu wote, hauwezi kunipotea!"

Nikaonja na mimi. Kwangu mimi ulikuwa ugali. Kigoma tunakula hivyo, Uvira wanakula hivyo, nyumbani kwangu ni hivyo hivyo, muhogo kidogo ndani ya mahindi ili ugali ushike na kukaa tumboni. Nimeula maisha yangu yote, ulimi wangu haukuwa na cha kuniambia. Nikampigia simu mke wangu pale pale.

"Mama Neema, ule unga wa mkebe ni wa nini?"

"Wa kula," akasema.

"Una muhogo?"

"Mahindi yalipungua wiki iliyopita, nikachanganya nusu kwa nusu. Kwani umeshindwa kuula?"

Nikamrudishia Mzee maneno hayo na kabla sijamaliza alikuwa ameshamwaga kiganja cha unga mezani. Akamwagia tone la maji, akaukandamiza kwa kidole gumba. Ukawa donge moja, gumu kama chaki. Akachukua ule unga wa manjano, chakula cha kuku, akaufanya vivyo hivyo. Ukateleza kama mchanga, punje moja moja.

"Umeona? Huu wako unashikamana unakuwa kizibo, unasukuma unakotaka wenyewe. Huu wa manjano unatiririka, unajaza kila kona." Akaniangalia, kisha akaangalia mkono wake wa kulia, akaunyoosha mbele. Haukutetemeka hata kidogo. "Na tungeongeza baruti juu ya kizibo kile, fundi, sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine."

Mama Njeri alikuwa bado ameshika tonge. "Kwa hivyo bunduki ya Gordon ni nzima?"

"Sijui bado," Mzee akasema. Haki yake, hakusema asilolijua. "Lakini jana nilikuwa nina hakika imekufa, leo sina."

"Basi wacha nimalize hii gundi," akasema, akamaliza yote, na mchuzi akaomba tena.

Mchana ule ule tukaenda uwanjani watatu, tumeshiba. Mzee akatia unga wa manjano. Akapiga hewani. Mdomo wa mtutu ukatoa wingu la rangi ya dhahabu, na baada yake ikaja harufu. Nani angeitarajia pale, baina ya miti ya misonobari? Ilikuwa harufu ya sufuria iliyosahauliwa jikoni, ugali umeshika chini.

"Ukoko!" Mama Njeri akapiga kelele. "Mungu wangu, inanuka ukoko!"

Mzee akatoa ganda. Hakulitazama, alinipa mimi. Nikaligeuza. Mabega yamesimama pande zote, makali, sawa sawa, shingo katikati kama mtu aliyevaa suti. Nikalitia kwenye kipimo na mara hii macho nikayaamini. Nikataka kusema kitu cha maana. Nilichosema ni, "Sio rima."

"Na sio mkono wangu!" Mzee akajibu, akanikumbatia na baruti na mafuta yake yote.

Mzungu mmoja wa klabu akatusogelea akauliza kwa Kiingereza tunapiga nini hicho kinachonukia. Mama Njeri akamjibu, "Chakula cha mchana."

Siku ya klabu nilialikwa nami nikaenda. Mama Njeri hakushinda, na naandika hivyo kwa sababu pale karakana hadithi imekua na siku hizi wapo wanaosema alishinda. Alishindwa na watu kadhaa waliokuwa wazuri kweli. Lakini alipiga zamu yake yote na bunduki ya Gordon, na matundu yake kwenye karatasi yalikaa karibu karibu hata akayafunika kwa kifuniko cha chupa ya chai. Kisha akaenda peke yake hadi kwenye gari, akakaa kiti cha abiria, akamimina vikombe viwili. Mzee akanivuta mkono tusimfuate.

Mtutu unaochongewa chemba mpya lazima uandikwe jina la risasi yake, mtu mwingine asije akatia isiyo yake. Mzee akamuuliza aandike nini. Ndiyo maana mnaona UKOKO pale ubavuni, kwa herufi za Mzee, ile K ya pili imeinama kidogo. Alisema hiyo K ndiyo ilikuwa mkono wake, na hilo kosa hatamwachia mtu.

Nilimsimulia Mama Neema yote jioni ile. Alisikiliza akiwa amekunja mikono. Neema, binti yetu, naye akasikiliza, akacheka, akasema kwa Kiingereza kama kawaida yake kwamba baba kapiga risasi ugali. Mama yake hakucheka mara moja.

"Kwa hiyo hicho kitu kimekula unga wangu," akasema.

"Kimekula. Kikaukataa."

"Kikaukataa?" Hapo ndipo alipochukia. "Unga wangu haujawahi kurudishwa na mtu!" Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini. Bunduki hazipendi mpaka leo, na hana sababu ya kuzipenda. Ila Mama Njeri akija hapa hupikiwa ugali wa mahindi matupu, pembeni, kwenye sufuria yake ndogo.

Basi, Patrick na Devi: unga wa manjano, wa dukani, mkavu, mpya kila mara. Msichote kwenye mkebe wa mtu hata akiwa mama yenu. Rima ipakwe mafuta kabla haijarudi kwenye soksi. Na kuleni kwanza. Mengine niliyosahau muulizeni Mzee Amirali. Miguu imemchoka lakini simu anaishika, na atawaambia kosa lilikuwa lake.

Nilikuwa nataka kuishia hapo, lakini Patrick amepiga sasa hivi. Hawakunisubiri niandike. Walimpigia Mzee, wakatumia wa manjano, wamekwenda uwanjani asubuhi na mvua yote hii pamoja na Mama Njeri na mjukuu wake wa kike, ambaye ndiye anayeirithi bunduki.

"Mabega?" nikauliza.

"Makali, mzee. Yamesimama."

"Pande zote?"

"Pande zote. Na mzee, ile harufu! Yule msichana kasema ananusa jikoni kwa bibi yake."

Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, mwiko mkononi. Akarudi jikoni. Jioni hii tumekula ugali, mahindi na udaga nusu kwa nusu, kwa dagaa wa Kigoma na mchicha. Ukoko wote kanipa mimi.